Kigoda cha Miguu Mitatu



Ndugu msomaji, juma hili nilikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya haki za jirani, lakini mjukuu wangu amenilazimisha kubadili somo. Mtoto huyu ana umri wa miaka 11, yuko Gredi ya 6, na tangu alipojua kusoma hapana karatasi impitayo. Hata gazeti lililofungiwa mahamri hulikunjua akalisoma kwanza, mahamri yakapoa. Jumanne iliyopita alirudi kutoka skuli, akatundika mkoba wake, akaniambia kwa sauti ya chini: "Babu, mimi sisomi tena Kiingereza mbele ya watu."

Nilipomdadisi, alinieleza kuwa darasani walikuwa wakisoma kwa zamu, na zamu yake ilipofika aliangukia sentensi yenye kigoda cha miguu mitatu, yaani "a three-legged stool". Yeye akasoma "thrii le-gi-di". Darasa zima likacheka. Mwalimu akamkosoa, akamwambia neno ni "legd", silabi moja tu, akamtaka alirudie mara tatu. Walipotoka kwa mapumziko wenzake walikwisha kumpa jina: Legidi. Siku ya pili walimwita hivyo hivyo, na siku ya tatu pia.

Nilikwenda kabatini nikatoa kamusi, ile ya Oxford ya wanafunzi ambayo asili yake ni kazi ya A. S. Hornby, nikamfungulia pale penye "legged". Imeandikwa wazi kuwa neno hilo husomwa "LE-gid", silabi mbili. Matamshi ya "legd" nayo yanakubalika. Kosa la mtoto, kama ni kosa, lilikuwa ile "i" ya mwisho tu. Kwa kugawanya silabi alikuwa karibu na kamusi kuliko waliomcheka, na hakuna hata mmoja wao aliyeifungua.

Naandika haya kwa sababu jambo lenyewe nalijua kwa uchungu wake. Nilipokuwa kijana, baada ya miaka mingi ya madrasa na michache ya skuli, niliitwa katika usaili wa kazi ya ukarani hapa Mombasa. Nilipewa barua niisome kwa sauti. Ndani yake mlikuwa na maneno "long-established", yaani kampuni iliyosimama zamani. Nikasoma "lo-ngi-e-si-ta-bi-li-she-di". Hesabu mwenyewe: neno la silabi nne nimelifanya la silabi tisa. Wale mabwana wawili waliangaliana, mmoja akaficha mdomo kwa karatasi. Kazi sikuipata, na hilo si kitu, riziki ina milango mingi. Lakini nilikichukia Kiingereza kwa miaka kama kumi, nikajiambia kuwa ni lugha isiyo na kanuni. Baadaye, nilipoanza kukisoma peke yangu kwa utulivu, nilishangaa kuona kwamba sehemu kubwa ya kanuni zake nilikwisha kufundishwa mkekani na mwalimu wangu wa tajwidi, ila hapana aliyenionyesha mahali zinapokutana.

Tuanze na aina ya maneno yenyewe. Waingereza hupenda kuchukua maneno mawili, na pengine matatu, wakayafunga kwa kistari yakawa kivumishi kimoja. Sisi husema "mwenye moyo mwema", wao husema "kind-hearted". Sisi husema "mwenye shoto", wao husema "left-handed". Mambo ya kale wao huyaita "old-fashioned", na mtu wa makamo ni "middle-aged". Hivi ni vivumishi ambatani, na vitabu vya skuli vimejaa navyo. Humtega mtoto wa Kiswahili kwa sababu mbili: vina konsonanti nyingi zilizobanana pale penye kistari, na mwisho wake mara nyingi ni zile herufi mbili, "ed", ambazo macho huziona namna moja na ulimi huzisoma namna tatu.

Katika Kiswahili karibu kila silabi huishia kwa irabu. Ndiyo maana wazee wetu walipoyapokea maneno ya Kiarabu waliyavisha irabu ili yatulie mdomoni: waqt likawa wakati, bahr likawa bahari, sahn likawa sahani. Vivyo hivyo maneno ya Kiingereza yalipokuja yakawa kilabu na baiskeli. Hapana aibu katika hilo. Neno likishahamia kwetu ni letu, nasi tuna haki ya kulivisha kanzu. Lakini neno likiwa bado nyumbani kwa wenyewe, basi husomwa kwa ada ya wenyewe.

Na hapa ndipo mtoto wa madrasa alipo na mali asiyoijua. Yeye amefundishwa sukuni. Tangu ana miaka mitano ameambiwa kwamba herufi yenye sukuni haina fat-ha, kasra wala dhumma, na akithubutu kuiongeza irabu mwalimu hugonga mkeka. Mtoto huyo huyo asomaye "ahad" bila ya kusema "ahadi", kwa nini akifika kwa "kind" aseme "kaindi"? Ulimi ni ule ule na dali ni ile ile. Hata tahadhari ya kalkala inatufaa: tumefundishwa kwamba dali yenye sukuni hudunda kidogo, lakini mdundo huo usigeuke irabu kamili. "Kaind", ikome hapo, kisha "HAA-tid". Silabi tatu kwa jumla: kaind-HAA-tid. Nilipomwambia mjukuu wangu aitie "legid" sukuni mwishoni, aliisema sawa mara ya kwanza, akanitazama kana kwamba nimemdanganya siku zote.

Sasa zile "ed". Kivumishi kikiwa na sauti ya t au d kabla yake, "ed" huwa silabi kamili, "id": kaind-HAA-tid, left-HAN-did, short-SAI-tid. Sababu yake ni ya ulimi wenyewe, maana huwezi kuzitamka t na d mbili mfululizo zikasikika bila ya kitu cha kuzitenganisha. Ikiwa kabla yake pana sauti kavu isiyotetemesha koo, kama p, k, f, s, sh au ch, basi "ed" hugeuka t tupu na haiongezi silabi. Ndiyo ile "long-established" yangu: long-e-STA-blisht. Penginepo pote huwa d tupu, kama katika "brown-haired" na "old-fashioned". Weka kidole kooni useme s, kisha useme z, utausikia mtetemo ninaousema. Wataalamu wa tajwidi wanaijua tofauti hii kwa jina la hamsi na jahri.

Kisha pana maneno machache ya kale yaliyokataa kufuata mkumbo, yakabaki na silabi yao ya "id" ingawa kanuni haiwapi: "naked", "wicked", "crooked", na haya matatu ambayo wazazi wengi huyakosea, "blessed", "learned" na "aged". Mawakili wetu mahakamani wakiitana "my learned friend" husema "LAA-nid", silabi mbili (irabu yake haimo katika Kiswahili, nami naiandika kwa a ndefu kwa kukosa budi). Lakini "I learned", nilijifunza, ni silabi moja. Mzee wa miaka mingi ni "an aged man", EI-jid. Ila mtu wa makamo, "middle-aged", ni mi-dl-EIJD. Na "legged" ya kigoda iko katika kundi hili la wakaidi, ndiyo maana kamusi ikampa haki mtoto.

Nimeandika "mi-dl" kwa makusudi. Kuna watu wanaosema "midolo" au "mideli" kwa kudhani kwamba silabi haiwezi kusimama bila ya irabu. Nani aliyewaambia? Waulize washairi wetu neno "mtu" lina mizani ngapi. Mbili: m-tu. Ile m imesimama peke yake kama mlingoti, haina irabu, na mizani haikupungua. L ya "middle" husimama hivyo hivyo, na n ya "fashioned" pia husimama hivyo: ould-FA-shnd. Mswahili alikuwa na silabi ya namna hii mdomoni mwake kabla ya kuingia darasani.

Twende pale penye kistari, maana hapo ndipo penye ladha. Maneno mawili yakifungwa pamoja, herufi ya mwisho ya neno la kwanza hukutana na herufi ya kwanza ya la pili, na zikikutana huamkiana. Zikiwa ni moja, kama f mbili katika "half-full", hazitamkwi mbili mbalimbali wala haidondoshwi mojawapo, bali f hushikwa kwa muda kisha huachiwa. Hiyo ni shadda. Nakusudia shadda ya Kiarabu, wala si ile ya vitabu vya sarufi vya skuli ambavyo huita mkazo kwa jina hilo na kuwachanganya watoto wetu. Zikiwa ni jamaa wa makhraji moja, kama d na t katika "bad-tempered", ulimi hupanda mara moja tu, husubiri juu kwa d, kisha hushuka na t. Aliyefundishwa idighamu ya dali iliyo sakina ikifuatwa na te haoni ugeni hapo. Asiyefundishwa husema "badi temuperedi".

Ajabu iliyonifurahisha kuliko zote ni ile ya n. Waingereza wanapoongea kwa mwendo wa kawaida, n ikifuatwa na b, p au m huelekea kugeuka m, kwa kuwa midomo imekwisha kujiandaa kufunga. Kitu kilichokaushwa juani, "sun-baked", husikika kama "sam-beikt". Mtu mwenye fikra pana, "open-minded", m zake mbili huungana. Msomaji wangu aliyekaa darasa la tajwidi amekwisha kutabasamu: hii ni ikilabu, nuni sakina mbele ya be, kama "min baad" isomwavyo "mim baad". Wala si Waarabu peke yao. Sisi husema nyumba ndogo lakini nyumba mbaya. Ile n ya "ndogo" imegeuka m mbele ya b, wala hapana mwalimu aliyetufundisha, tumeinyonya pamoja na maziwa. Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza hazina undugu wa ukoo, na zote tatu zimefanya jambo moja, kwa kuwa Mola amewapa wasemaji wake midomo ya namna moja.

Lililobaki ni gumu, nalo ni mkazo. Hapa sitakudanganya kwamba madrasa yametosha.

Kiswahili kimetustarehesha. Mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hatuufikirii. Maneno yanayotoka nje ya kawaida hiyo ni ya kuhesabika, kama "walakini" na "barabara". Njia ya magari ni ba-ra-BA-ra. Jambo lililokwenda sawasawa limekwenda ba-RA-ba-ra. Ukimwambia fundi kwamba amejenga ba-ra-BA-ra atakuuliza lami iko wapi. Basi Kiingereza kizima ni mfano wa hilo neno moja: mkazo hauna makao maalumu, na maandishi hayauonyeshi.

Katika vivumishi ambatani mambo huzidi. Kwa kawaida kile chenye "ed" hutiwa mkazo mzito katika sehemu yake ya pili: kaind-HAA-tid, ould-FA-shnd. Ukisema kwamba bibi yako ni wa kizamani na ukakomea hapo, "FA" ndiyo ipandayo juu. Lakini kikifuatwa papo hapo na jina lenye mkazo mwanzoni, kama "an old-fashioned lamp", taa ya kizamani, mkazo hurudi nyuma ukakaa juu ya "OULD". Vivyo hivyo mwandishi mashuhuri: "she is well-KNOWN", lakini "a WELL-known writer". Sababu yake ni kwamba Mwingereza hapendi mapigo mawili mazito yakae bega kwa bega. Huyapisha, kama wapiga matari katika maulidi wanavyojua kwamba goma zito likifuatiwa na jingine bila ya nafasi, watu watashindwa kujibu kwa wakati.

Na pana vivumishi vingine ambavyo mkazo wake haubanduki katika sehemu ya kwanza. Navyo aghalabu huanza kwa jina: "homesick", mwenye kutamani kwao, ni HOUM-sik, "law-abiding", mtii wa sheria, mkazo juu ya LAW, "mouth-watering", chenye kutia mate mdomoni, mkazo juu ya MOUTH. Usiifanye hii kuwa sheria isiyovunjika, maana "home-made" huanza kwa jina na mkazo wake mzito uko katika MADE, mpaka ufuatwe na kitu, kama mkate, "HOME-made bread". Ndiyo nikasema ni gumu.

Haya si mapambo. Mkazo na kistari vinaweza kumgeuza mlaji akawa chakula. "A man eating fish" ni bwana ameketi pwani anakula samaki wake. "A man-eating fish" ni samaki mla watu. Katika karatasi kistari ndicho kinachomwokoa bwana huyo. Katika usemi kinachomwokoa ni pumzi: maneno ya kivumishi husemwa kwa pamoja, mkazo juu ya MAN, kisha FISH, ama ya yule bwana hutenganishwa kidogo baada ya MAN. Tuliosoma kanuni za wakfu hatuhitaji kukumbushwa kwamba mahali pa kusita panaweza kupindua maana.

Basi mkazo tutaupata wapi, ikiwa haukuandikwa? Kumbukeni kwamba hata maandishi ya Kiarabu hapo mwanzo hayakuwa na irabu. Inasimuliwa kwamba Abul Aswad Ad-Duali ndiye aliyeanza kuweka nukta za irabu, na Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mwenye asili ya Oman, akaja baadaye na alama tunazozijua leo. Sababu ilikuwa watu wengi wasio Waarabu wamekuwa wasomaji, na lahni imeenea. Hapana aliyesema watu hao ni wajinga, waliwekewa alama. Wanaosoma Kiingereza nao wamewekewa zao. Daniel Jones wa London alitoa kamusi yake ya matamshi mwaka wa 1917, na John Wells akatoa nyingine kwa Longman mwaka wa 1990. Katika kamusi nyingi za wanafunzi utaona kijistari kidogo cha wima juu ya mstari, kabla ya silabi yenye mkazo mzito, na kingine chini kabla ya ile yenye mkazo mwepesi. Wells aliongeza alama mfano wa ncha ya mshale kwa yale maneno ambayo mkazo wake hurudi nyuma. Alama hizi ni mbili tatu tu. Mtoto aliyemudu tanwini, madda na hamza atazijua kwa jioni moja.

Lakini alama ni ukumbusho. Elimu yenyewe hutoka mdomoni ikaingia sikioni. Kurani hatukuipokea kwa kutazama msahafu peke yake, tuliketi mbele ya mwalimu tukatazama midomo yake. Mzazi ambaye hana mwalimu wa Kiingereza nyumbani ana redio, naye amsikilizishe mtoto taarifa ya habari, wasimame kwa neno moja, walirudie, wapige kofi pale mkazo ulipo. Dakika kumi baada ya Isha zatosha. Wala sisemi kwamba mtoto aige pua ya Mzungu. Nawajua vijana waliotoka kazini hotelini na lafudhi iliyowafanya mama zao wasiwaelewe. Mimi nataka mtoto aeleweke, na asiogope.

Na kwa walimu wetu, ambao nawaheshimu kwa kuwa nami ni mmoja wao, nina ombi. Mtoto akikosea, mkosoeni kwa kamusi iliyo wazi mezani, na kicheko cha darasa kikatwe kabla hakijafika mlangoni. Mwalimu wangu wa madrasa alikuwa mkali, bakora yake twaikumbuka, lakini sikumbuki hata siku moja aliyoturuhusu kumcheka mwenzetu aliyeteleza katika kusoma. Alikuwa akisema aliyecheka ndiye atakayeendelea, na aya zinazofuata zilikuwa ndefu.

Mama yake mtoto alikwenda skuli siku ya Ijumaa, akazungumza na mwalimu kwa adabu, kamusi kwapani. Alipokelewa vizuri. Ama wenzake darasani, jina la Legidi bado wanalo, na sitarajii liishe juma hili.

Usiku wa Jumamosi nilimsikia akimsomea nyanyake kitabu sebuleni, mlango wameurudisha. Nilikaa ukumbini nisionekane. Alifika mahali akasita, kisha akaita: "Babu, najua uko hapo. Hii 'bow-legged' nayo ni ya silabi ngapi? Na hii ya mwanzo ni 'bau' au 'bou'?" Nikamjibu kwamba kamusi iko rafu ya pili, kando ya miwani yangu, na akiipata na aniletee na miwani.

Wabillahi tawfiki.